Ziwani Hakuna Mshenga

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila nikimwona mtu amevaa jaketi okozi akafunga kifungo kimoja tu, vingine vinaning'inia kama masikio ya mbuzi. Huwa nakohoa kwanza. Nikikohoa mara ya pili mke wangu hunitazama, anajua ninachokumbuka, naye hucheka kabla sijafungua mdomo. Siku hiyo, mwanangu, ndiyo nataka nikusimulie leo, badala ya kujibu swali uliloniuliza.

Uliniuliza ununue nini. Umewakusanya wenzako hapo Mpanda, wengine wa Kawajense, wengine wa kule Kasekese, mnataka kuteremka Ikola mwezi ujao mpige makasia ziwani kwenye kayaki, vile vyombo vyembamba vya plastiki vya mtu mmoja mmoja ambavyo wavuvi wa Ikola huviita viatu. Umeniandikia kwamba wapo wanaoogelea kama samaki, na kwamba yupo mmoja ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya kwenye pipa. Halafu ukamalizia kwa kuuliza aina ya kamba. Nimecheka, mwanangu. Kamba tutaifikia. Mimi ni baba yako mkubwa, na ukubwa wenyewe ni wa miaka tu, kwa sababu digrii yangu imenisaidia zaidi kuandika makala kuhusu mambo yanayofanywa na watu wengine. Lakini kupinduka ziwani nimeshuhudia, na kidogo nipinduke mimi.

Wakati huo nilikuwa nimemwona Speransia, huyu mama yako mkubwa, na nilikuwa nimetuma mshenga kwao Katumba. Baba yake, Mzee Bigirimana, alikuwa mkulima, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyeletwa nchini kutoka Burundi akiwa mtoto na kufikia wakati ule alikuwa Mtanzania kuliko mimi, maana yeye aliimba wimbo wa taifa beti zote. Namwita mzee, ingawa nikipiga hesabu naona umri wake wakati ule ndio umri wangu wa leo. Hilo nalo ni jambo la kumfanya mtu akae chini.

Mshenga wangu alikuwa Sospeter, muuza vitenge wa sokoni Mpanda. Kama ulimi ungekuwa unauzwa kwa mita, Sospeter angekuwa tajiri. Alikuwa na uwezo wa kumwambia mtu nyumba yake inaungua, na yule mtu akamshukuru kwa kumtembelea. Ndiyo maana nilimchagua. Unajua desturi yetu: mchumba humsalimia baba mkwe kwa adabu, akaitikia anaposemeshwa, lakini neno lolote la maana hupita kwa mshenga. Mimi na Mzee Bigirimana tulikuwa tumeshaonana mara kadhaa sebuleni kwake, na sidhani kama nilikuwa nimemwambia kitu zaidi ya shikamoo na ahsante kwa chai.

Sasa mzee akasikia kwamba mimi na Speransia tuko kwenye kikundi cha kupiga kayaki cha Yustina. Yustina alikuwa mwalimu wa michezo, dada mwenye mabega kama ya fundi seremala, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye kambi ya wageni huko chini ziwani, na kambi ilipofungwa akanunua kayaki zao zilizochakaa. Mara moja moja alikuwa anatuchukua watu wa mjini kwenda kutulowesha. Mzee akatuma neno kwa Sospeter: naye atakuja.

"Amesema kwa nini?" nikauliza.

"Amesema sebuleni kila mtu ana adabu," Sospeter akajibu. "Anataka akuone ukiwa umelowa."

Hapo usingizi ukapungua. Kilichokuwa kwenye mizani ni mke. Nilijiona nikirudi Kawajense peke yangu, mseja msomi, nikiandika makala kuhusu ndoa.

Tukaondoka Mpanda kwa Hiace ya kukodi. Njiani, mzee akiwa amekaa mbele na dereva, Speransia akaniinamia. "Baba ana bega bovu," akaninong'oneza. "Alianguka na baiskeli akitoka shambani. Mkono wa kulia haunyanyui jembe kupita kichwa."

"Mwambie Yustina."

"Nimwaibishe baba yangu mbele ya mkwe? Mwambie wewe."

"Mimi? Nianike bega la mtu ambaye siwezi hata kumwomba chumvi?"

Tukatazamana, halafu wote wawili tukamtazama Sospeter, ambaye alikuwa amelala mdomo wazi kwenye kiti cha nyuma. Tulipofika tukamwamsha, tukamweleza. Akarekebisha kola ya shati, akasema, "Hilo niachieni."

Ikola asubuhi ile ilikuwa imetulia. Kina mama walikuwa wanageuza dagaa juu ya mchanga, na ziwa lilikuwa kimya, bluu ya kufifia, milima ya Kongo ikionekana upande wa pili kama picha ambayo mtu aliichora akasahau kuipaka rangi. Tukashusha kayaki zetu sita. Mama mmoja akawaambia wenzake kwa sauti, ili tusikie, "Leo wameleta na babu. Hivyo viatu vitamtosha?" Wakacheka, na mzee akawapungia mkono wa kushoto. Mimi niliona kwamba ni wa kushoto. Speransia aliona. Hatukusema.

Wa sita wetu alikuwa Haruni, mvuvi kijana wa palepale Ikola, ambaye Yustina alimchukua kila safari kwa sababu alijua kila jiwe la pwani ile. Tukasimama mduara, Yustina akaanza.

"Nani anajua kuogelea?"

"Tunajitahidi," tukasema.

"Nani amewahi kupiga kasia mbali bila kupumzika?"

"Tunajitahidi," tukasema tena. Haruni, ambaye nadhani alijifunza kutembea ndani ya mtumbwi, akasema, "Kidogo kidogo tu, dada."

"Kuna mwenye maumivu, ugonjwa, chochote ninachotakiwa kukijua?"

"Tunamshukuru Mungu," akasema Sospeter kwa niaba ya wote.

Yustina akaweka mikono kiunoni. "Nyie watu, nauliza maswali najibiwa salamu. Mzee, wewe je?"

"Mimi," akasema Mzee Bigirimana, "ziwa hili nililivuka kabla hamjazaliwa."

Basi. Nani angemuuliza alilivuka kwa chombo gani, na nani alishika kasia? Ungekuwa wewe ungeuliza? Tukaitikia kwa vichwa, kama watu waliokwisha kupewa cheti.

Ndipo Sospeter akamvuta Yustina pembeni kutimiza ahadi yake. Nilisogea kidogo nisikie. "Mwalimu," akasema kwa ile sauti yake ya kukunjua kitenge, "mzee wetu huyu ni mtu wa mwendo wa heshima. Ukiweza kumfikiria katika mpangilio, familia itafarijika."

Yustina naye ni mtoto wa watu, mwenye malezi. Akaelewa alichoelewa. Akamweka mzee mbele.

Usimlaumu haraka. Aliyempeleka mbele alikuwa anatoa heshima, na aliyeongea alikuwa anaficha aibu, na sisi wawili tuliojua tulikuwa tunalinda adabu. Kila mmoja alifanya jambo zuri. Ukiyajumlisha mambo yetu yote mazuri unapata mtu mwenye bega bovu anayeongoza msafara akielekea upepo.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Tungefuata ukingo kuelekea kusini, kwa sababu upepo wa msimu ule hutoka kusini, na Yustina alitaka tuumie wakati wa kwenda ili wakati wa kurudi tusukumwe. Mbele kidogo kulikuwa na ufuko mdogo wa mchanga mweupe. Hapo tungepumzika, tunywe maji, tuangaliane, halafu tuamue kama tunaizunguka rasi ya mawe iliyo mbele yake au tunarudi. "Ufukoni wote mnasimama," alisema. "Nikipuliza filimbi mara moja ndefu, popote mlipo, mnakusanyika." Yeye alikaa nyuma kabisa, kwa sababu kayaki ya Speransia ilikuwa inakata kona bila kuombwa.

Tukaingia majini. Mzee mbele, nyuma yake Sospeter, nyuma ya Sospeter mimi, kisha wale kina dada wawili huko nyuma. Haruni alivumilia mwendo wetu kwa muda mfupi, akachoka kuvumilia, akapiga makasia machache kama mtu anayekuna mgongo, akapotea mbele yetu. Kila kikundi kina Haruni wake, mwanangu. Si mtu mbaya. Hana kazi, basi.

Kwa muda ilikuwa raha. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba niliwaona samaki wadogo wenye mistari wakipishana chini ya mawe. Nilikuwa nafikiria sentensi ya kuelezea jambo hilo, maana ndiyo ulemavu wangu, nilipoona kasia la mzee limeanza kusema ukweli. Bapa la kushoto lilikuwa linazama na kuvuta. La kulia lilikuwa linapapasa maji tu. Kila baada ya muda pua ya kayaki yake iligeukia kulia, na yeye akairudisha kwa kukaza kiuno.

Ufuko ule ulikuwa ubavuni. Ilikuwa ni kusema tu. Nikapiga kasia nikamfikia Sospeter.

"Mwambie mzee tupumzike."

Sospeter akasafisha koo. "Mzee!" akaita. "Vijana wanauliza kama safari inakupendeza!"

"Inanipendeza sana!" mzee akajibu bila kugeuka. "Kwani wao wamechoka?"

Sospeter akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri kama yeye. "Mzee anauliza kama mmechoka."

Nifikirie mimi hapo, mwanangu. Mtu amekuja kunipima. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyebeba gunia la mahindi kutoka mashineni, viganja vimeanza kuvimba. Nikasema, "Mwambie hatujachoka. Tunamfikiria yeye."

"Mzee! Vijana wana nguvu tele!"

"Basi twende!"

Na tukaupita ufuko. Nikauona ukirudi nyuma, mweupe, mtulivu, umekaa kama kiti ambacho kila mtu anamwachia mwenzake. Huko nyuma nilisikia kitu chembamba kama mlio wa ndege. Ilikuwa filimbi ya Yustina, ila yeye alikuwa nyuma yetu na upepo ulikuwa unatoka mbele, kwa hiyo sauti yake ilikuwa inasukumwa kurudi Ikola. Nilidhani ni ndege. Nilitaka kudhani ni ndege.

Tulipoizunguka rasi, upepo wenyewe, ambao mawe yake yalikuwa yanatukinga nao, ukatukuta uso kwa uso. Si dhoruba. Sitaki nikuongopee ili hadithi inoge. Yalikuwa mawimbi ya kawaida ya ziwa lile, mafupi, yanayofuatana bila kupeana nafasi, ambayo Haruni angeyapita huku anakula muhogo. Lakini mzee alihitaji mkono wa kulia sasa hivi, na mkono ukakataa. Niliuona ukinyanyuka mpaka kifuani ukakomea hapo. Kayaki ikageuka ubavu. Wimbi la kwanza likaiinamisha, la pili likaimaliza. Hakupiga kelele. Aliingia majini kimya kimya kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa.

Jaketi lilimrudisha juu. Alikuwa amefunga vifungo vyake vyote. Ndiyo sababu, ukifika kwangu na jaketi limekaa ovyo, nakohoa. Kofia yake ikaelea ikaenda zake. Kayaki ikabaki tumbo juu, na nyuma yake mawe ya rasi, maji yakiyapanda na kuyashuka.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi. Na unajua nilifanya nini? Niligeuka nyuma.

"Sospeter! Mwambie mzee ashike pua ya kayaki yangu!"

Sospeter alikuwa ameng'ang'ania kayaki yake kwa mikono miwili, kasia limelala mapajani, macho yamemtoka. Ile sauti ya kitenge ilikuwa imekwisha.

"Mwambie mwenyewe, bwana!"

Maneno yakanitoka. "Baba! Baba, shika hapa mbele! Mkono wa kushoto! Usiache kayaki yako, ibane kwa miguu! Nitazame mimi!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza ya maana kwa baba mkwe wangu, na yote yalikuwa amri. Akashika. Nikaanza kupiga kasia kurudi nyuma, kutoka kwenye mawe, kwa mikono ambayo dakika chache kabla nilikuwa nimekana uchovu wake. Hatukwenda mbali. Ilitosha tu tusiyakaribie. Sospeter, sifa zake apewe, alipata akili akaichomoa filimbi iliyofungwa kwenye jaketi lake akapuliza kwa nguvu zote, na huo mlio upepo uliuchukua moja kwa moja hadi kwa Yustina.

Akaja kama mtu aliyetumwa. Haruni naye, aliyekuwa mbele mbali amekaa akitusubiri, aligeuka kuangalia tulipo, akatuona, akarudi. Yustina hakupaza sauti. Alivuta pua ya kayaki ya mzee akailaza juu ya yake, akaimwaga maji, akaigeuza, akaiweka ubavuni.

"Mzee, unapanda kutokea katikati. Mkono upi una nguvu?"

Mzee akanyamaza. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na bado alinyamaza. Nikasema mimi. "Wa kushoto. Bega la kulia ni bovu, aliumia kwa baiskeli."

Akanitazama. Mwanangu, nimetazamwa na maprofesa nikitetea kazi zangu, na haikufikia hapo. Lakini akatoa mkono wa kushoto, Haruni akaibana kayaki isicheze, Yustina akamvuta kwa mikanda ya jaketi, akapanda. Wakaifunga kayaki yake kamba, Haruni akamvuta hadi ufuko ule mweupe. Unaona, kamba tumeifikia. Iwe inaelea, na ifungwe kwa namna ya kufunguka haraka.

Ufukoni Speransia alimfunika baba yake kwa kitenge. Tukakaa. Kulikuwa na chai kwenye chupa na mihogo ya kuchemsha, na hakuna aliyegusa. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu nikihesabu ndoa yangu imekwisha.

"Nani alijua habari ya bega?" mzee akauliza.

Speransia akanyoosha mkono. Nikanyoosha. Sospeter naye akanyoosha, chini chini.

"Mzee," Sospeter akaanza, "sisi kwa heshima kubwa tuliyonayo..."

"Wewe nyamaza kwanza. Leo umefanya kazi nzuri mno."

Haruni akacheka, akajifanya anakohoa. Mzee hakucheka. Alichukua kipande cha muhogo, akakizungusha mkononi.

"Nilipovuka ziwa hili," akasema, "nilikuwa nimelala chini ya mtumbwi, mama amenifunika kwa nguo yake. Tulikuwa tunakimbia. Aliniambia usilie, usikohoe, hata ukiumia usiseme. Nikaumia, nikakaa kimya, tukafika. Tangu siku hiyo nikiwa majini mdomo wangu unajifunga wenyewe. Ule ulikuwa wakati wake. Leo hakuna aliyekuwa anatufukuza. Mbona na nyie mlikaa kimya? Mlikuwa mnaniheshimu, au mlikuwa mnaniogopa?"

Upepo ulikuwa unavuma kwenye majani nyuma yetu. Sospeter akafungua chupa ya chai, akaifunga tena.

"Na mimi nina kosa langu," akaendelea. "Huyu mwalimu aliniuliza, nikajisifu. Sasa, mwalimu, tuulize tena."

Yustina akatuuliza tena, palepale. Mzee akajibu wa kwanza. "Mimi nimechoka. Bega linauma. Na hapo kwenye mawe niliogopa."

Mlango ukafunguka, mwanangu. Speransia akasema hajawahi kuelewa namna ya kuinyoosha kayaki yake na alikuwa anaona aibu kuuliza tena. Sospeter akasema hajui kuogelea hata kidogo, hata kidogo, na kwamba alikuwa anasali tangu tunaondoka. Nikaonyesha viganja vyangu, malengelenge yameiva. Haruni akajikuna kichwa. "Mimi dada, nyie mnaniboa. Mnakwenda kama konokono. Ndiyo maana nakimbia."

"Basi kuanzia leo," Yustina akamwambia, "wewe unakaa nyuma, na kamba ni yako. Kila mtu akiwa mbele yako, umefanya kazi."

Nilikuwa sijawahi kumwona Haruni amekaa wima namna ile.

Mzee akanigeukia kidogo, si sana. "Na wewe nimekuona umelowa," akasema. Akaacha hapo. Halafu akamwambia Sospeter, nami nikiwa nimekaa karibu naye kiasi cha kushirikiana kivuli, "Mwambie kijana habari za binti yangu ataendelea kuzileta kwako, kama inavyotakiwa. Huko ni nchi kavu. Ziwani hakuna mshenga. Ziwani aniambie mwenyewe."

Yustina, Haruni na Speransia walirudisha kayaki, wakisukumwa na upepo, zetu zikivutwa. Sisi watatu tulirudi Ikola kwa miguu, kwa njia ya wavuvi iliyofuata ukingo. Mzee mbele, Sospeter katikati, mimi nyuma. Tulipofika penye utelezi mzee akasimama. "Sospeter, mwambie kijana aangalie jiwe hili." Sospeter akanigeukia, sauti ya kitenge imerudi yote: "Mzee anakuomba uwe mwangalifu na jiwe." Nikasema, "Mwambie mzee nashukuru." Na mzee, ambaye ningeweza kumshika mkono nikinyoosha wangu, akaitikia, "Haya." Mabega yake yalikuwa yanacheza. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anacheka.

Sasa nikuachie ninachotaka ukishike, kabla hujaenda dukani.

Wenzako hawatakuambia ukweli mbele za watu. Tumelelewa hivyo, na malezi hayo ni mazuri kwenye msiba na kwenye harusi. Kwa hiyo usiulize mduarani nani anaweza. Mfuate kila mtu peke yake siku moja kabla, mkiwa mmekaa, umuulize alifanya nini mara ya mwisho, lini, na alijisikiaje baadaye. Anayesema anajitahidi, mwingize kwenye maji ya kiunoni umwone. Umpindue makusudi, mcheke wote, apande tena, naye akupindue wewe. Mtu aliyekwisha kuanguka akicheka hataanguka akiona aibu.

Mwendo wa kikundi uwe wa yule dhaifu kuliko wote, na usimfiche kwamba ni wake. Mwenye nguvu mpe kazi, maana nguvu isiyo na kazi hukimbia. Awepo wa mbele ambaye hakuna anayempita, na wa nyuma ambaye hakuna anayebaki nyuma yake, nao waonane muda wote. Nendeni kando ya ukingo, mkielekea upepo kwanza, na kama upepo umeamka kabla yenu, kunyweni chai mrudi Mpanda. Ziwa haliendi popote. Mahali pa kugeukia mpaamue mkiwa bado mmekauka. Filimbi kila mtu awe nayo shingoni, lakini kwa kuwa upepo hula filimbi, kubalianeni pia kasia likinyanyuliwa juu wote mnasimama, na asiulizwe mtu kwa nini amelinyanyua. Pale kijijini mwachie mtu neno: tunakwenda wapi, tunarudi saa ngapi. Jaketi ni la wote, na anayejua kuogelea ndiye wa kumkagua zaidi. Vifungo vyote.

Na uwe na mtu wa kusema kwanza. Hili sijalisoma popote. Mzee Bigirimana, baada ya bega kutulia, aliendelea kuja nasi miaka mingi, na kila mapumziko alikuwa anatangulia: "Mimi nimechoka." Akisema yeye, mzee wa watu, mwingine anaona ruhusa, na mwingine. Siku alipolazwa hospitalini mara ya mwisho nilimuuliza, mimi mwenyewe, bila mshenga, kama kweli alikuwa anachoka kila mara. Akafumba jicho moja. "Mara nyingi sikuchoka," akasema. "Nilikuwa namwona mtu nyuma yangu amechoka."

Kazi hiyo sasa nimeirithi mimi. Tofauti ni kwamba mimi sihitaji kuigiza. Mkiniita Ikola mwezi ujao nitakuja, nitafunga vifungo vyote, nitakuwa wa kwanza kusema nimechoka, na itakuwa kweli kabla hatujaiacha harufu ya dagaa.

Nenda basi, mwanangu. Mungu aliyetufikisha sisi sote salama kwenye ufuko ule awape nyie maji tulivu, na asipowapa maji tulivu awape midomo myepesi. Awahesabu mkitoka, awahesabu mkirudi, na hesabu zote mbili zilingane.